Mzee aliyenifundisha kazi anatukana watu kwenye grupu la mafundi, na admin ni mimi

Shikamoo anti.

Mi ni fundi umeme, nipo Mwanza, nina miaka 36, nina leseni ya EWURA, wale wasimamizi wa nishati, na siku hizi kazi yangu kubwa ni sola. Mwaka 2019 nilifungua grupu la WhatsApp la mafundi umeme na sola wa Kanda ya Ziwa, tulianza watu kumi na nne tu tuliojuana VETA na kwenye saiti, lengo lilikuwa kuulizana bei za vifaa na nani ana drili ya kuazima, basi likakua mpaka kile kikomo cha zamani cha watu 256 kikajaa tukawa tunasubiri mtu alefti ndo tuingize mwingine, WhatsApp walivyoongeza nafasi likapanda tena na sa hivi tuko 743. Wapo wa Geita, Kahama, Musoma, Bukoba, mpaka visiwani Ukerewe huko. Watu wamepata tenda mle, watu wameokoa inveta za wateja, zile mashine zinazogeuza umeme wa sola uwe wa nyumbani, saa nane usiku kwa kuelekezwa na mtu wasiyemjua sura. Najivunia anti, sisemi uongo.

Sasa mle ndani yupo mzee wangu. Simtaji jina. Ana miaka 61 na ndo aliyenifundisha kazi. 2009 nilikuwa deiwaka wake, namshikia ngazi, natoboa kuta kwa patasi, nalipwa buku tatu kwa siku na chai. Siku moja kule Nyakato nilishika waya nikijua meni swichi imezimwa kumbe kuna mtu kairudisha, nikaganda nao, mzee akanyakua ufagio akanipiga na mpini wa mti mkono ukaachia. Alafu akanitukana mpaka majirani wakatoka nje kuangalia. Jioni akaninunulia chipsi mayai na akanipa testa yake, ninayo mpaka leo.

Mzee anajua kazi anti, yani anajua. Ukituma picha ya DB, lile boksi la breka zinazokata umeme ukizidi, anakwambia kosa kabla hujamaliza kueleza. Ila kwenye grupu akikuta mtu kakosea anamvua nguo mbele ya watu wote. "Cheti umekinunua wapi." "Nani kakuruhusu kushika bisibisi." Na ule msemo wake ambao umekuwa kama nembo ya grupu, "wewe sio fundi, wewe ni fundo", vijana wameutengenezea mpaka stika.

Mwezi wa tatu binti mmoja wa Sengerema, katoka chuo juzi tu, alituma picha. Kafunga paneli sita kwenye nyumba ya mteja, kaziunga mfululizo, zikishuka chini kabla ya kuingia kwenye inveta kaweka breka ya ampea 32. Akaandika kwa adabu kabisa, "Habari za jioni wakuu, naomba msaada, hii breka inapata moto sana mchana, tatizo linaweza kuwa nini?" Breka ilikuwa ya AC, hizi za kawaida za nyumbani, na pale inatakiwa ya DC. Mzee akatuma voisi ya dakika nne. Dakika tatu na nusu ni kumtukana, umeme sio maandazi, rudi kwa mama yako akakufundishe kupika, nyie ndo mnaunguza nyumba za watu. Zile sekunde za mwisho ndo akasema toa hiyo tafuta breka ya DC. Grupu likachanganyikiwa kwa kucheka, stika za fundo kama mvua. Na mimi anti, sitakuficha, niliweka zile emoji tatu za kucheka machozi. Sikufikiria.

Binti akalefti usiku uleule. Kesho yake mtu akafowadi skrinishoti na ile voisi mpaka ikamfikia mteja, mteja akamfukuza na akagoma kumlipa 380,000 iliyobaki. Nilisikia kwa watu.

Nikasema itapita. Juzi mwezi wa sita kijana mwingine wa Magu kanifuata inboksi na picha ya mkono wake umefungwa bandeji. Boksi la breka za sola lilishika moto dukani kwa mteja, walizima kwa mchanga. Nikamuuliza ulikuwa hujui? Akanijibu, "Kaka nilikuwa na wasiwasi nalo tangu jumatatu, nikaandika swali kwenye grupu nikafuta, nikamkumbuka yule dada."

Sasa grupu limegawanyika. Kuna kama watu thelathini wananiandikia pembeni mtoe mzee. Wengine wakongwe wanasema ukimtoa tunatoka naye, na kwamba sisi wote tumefundishwa kwa matusi na ndo tumekuwa mafundi, hawa watoto wa siku hizi wanadeka. Mke wangu anasema niache uadmin nilale usingizi. Mi naona bila mzee lile grupu litakufa, na kumtoa ni kama kumtoa baba. Ila ule mkono wa yule kijana nauona nikifumba macho. Nifanyeje anti?

Admin Niliyebanwa, Mwanza

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya pili ilibidi nimpigie fundi wangu wa hapa Tabata anieleweshe hiyo habari ya breka, maana nisingeweza kukujibu kitu nisichokielewa. Kanieleza vizuri, kwamba umeme wa TANESCO, ndo huo AC, unakwenda na kurudi na kila sekunde unapita kwenye sifuri mara mia, kwa hiyo ile cheche ndani ya breka inapata pa kufia, lakini umeme wa paneli, ndo huo DC, unakwenda upande mmoja tu haupumui, ukiukata kwa breka isiyo yake cheche inaweza kuendelea kuwaka humohumo mpaka plastiki iyeyuke. Alimaliza kwa dakika moja na nusu. Hakunitukana. Na mimi ni mama wa miaka 58 ambaye sijui hata kubadilisha fyuzi.

Sijasema hivyo kumsema mzee wako. Nataka tu tukubaliane mapema kwamba somo lenyewe ni fupi, vile vingine vilivyojaza dakika nne ni kitu kingine, tutakuja kukitafutia jina.

Ngoja nikurudishie tatizo lako nilivyolisikia, uone kama nimekusikia sawa. Una mtu aliyekuokoa maisha na kukupa kazi, na mtu huyohuyo anaumiza watu ndani ya nyumba uliyoijenga wewe. Unaogopa ukimgusa utaonekana huna shukrani, na usipomgusa kuna siku mtu hatakuja na bandeji mkononi, atakuja kwenye tangazo la msiba. Na katikati hapo kuna watu 743 wanakuangalia. Ni mzigo mwanangu. Mi nasimamia grupu la kikoba la akina mama ishirini na mbili tu na kuna siku natamani kuitupa simu baharini.

Sasa niruhusu nikuulize maswali, sio kukubana.

La kwanza ni lile la ufagio. Ile siku ya Nyakato mzee alikupiga na mpini na akakutukana, na kila mtu mwenye akili atasema alifanya sawa, mtu kaganda kwenye waya huwezi kumwambia samahani ndugu naomba uachie. Kelele za saiti zina kazi yake. Lakini angalia vilivyoizunguka ile kelele: uliona uso wake, uliona kwamba ameogopa kuliko wewe, waliosikia ni majirani watatu wanne ambao kesho yake walishasahau, na jioni kulikuwa na chipsi mayai. Yale matusi uliyala na chipsi yakaisha. Binti wa Sengerema alipewa kelele zilezile bila uso, bila chipsi, mbele ya watu mia saba, na zikahifadhiwa kwenye simu za watu mpaka zikafika kwa mteja. Mzee kahamisha lugha ya saiti kuipeleka kwenye simu na sidhani kama kuna mtu amewahi kumkalisha akamwambia kwamba kule inafika ikiwa kitu kingine. Nawaza hivyo, wewe unamjua zaidi yangu, labda anajua na anafurahia kushangiliwa. Zile stika nazo zina utamu wake kwa mtu wa miaka 61 ambaye pengine nyumbani hakuna anayemsikiliza tena.

La pili, hili la "wote tumefundishwa kwa matusi na ndo tumekuwa mafundi". Wanaolisema ni wale waliobaki. Deiwaka walioanza na wewe 2009 wako wapi? Wangapi waliacha mwezi wa kwanza, wangapi wanaendesha bodaboda leo na walikuwa na mikono mizuri kuliko yako? Hao hawapo kwenye grupu wakatoa ushuhuda. Mi sisemi ukali haufundishi, nimelelewa na bibi aliyekuwa na fimbo nyuma ya mlango na nampenda mpaka leo, ila sijui ningekuwa nani kama asingekuwa nayo na wewe hujui ungekuwa fundi gani.

La tatu ni hofu yako kwamba bila mzee grupu litakufa. Inawezekana. Lakini umehesabu? Chukua jioni moja, pitia maswali ya mwezi mmoja uliopita, andika kwenye daftari nani alijibu nini. Sio nani alisikika, nani alijibu. Unaweza kukuta mzee kajibu nusu, na hapo utakuwa na sababu ya kweli ya kuogopa, au unaweza kukuta kuna mtu wa Kahama asiye na makelele anajibu watu inboksi kila siku na hakuna anayemtaja. Hesabu pia kitu cha pili, maswali yalikuwa mangapi kabla ya mwezi wa tatu na mangapi baada ya hapo. Yule kijana wa Magu kakwambia aliandika akafuta. Kwa watu 743 hawezi kuwa peke yake.

Kuna habari kijana wangu anayesoma kompyuta alinisimulia, nikaifuatilia kwa sababu ilinikumbusha wazee wengi ninaowajua. Kuna Mfini anaitwa Linus Torvalds, 1991 alianzisha Linux, ambayo kama simu uliyoniandikia ni Android basi ipo humo ndani kabisa chini ya kila kitu. Ni kazi inayofanywa na maelfu ya watu dunia nzima kwa kuandikiana, na huyu bwana kwa miaka mingi alijulikana kwa vitu viwili, akili na mdomo. Mtu akileta kazi mbovu anajibiwa maneno ambayo gazetini hayaandikiki, mbele ya wote. Na watetezi walikuwa na hoja hizihizi za wakongwe wako, kwamba ndo alivyo, kwamba ukali wake ndo unalinda ubora. Septemba 2018 akaandika mwenyewe kuomba radhi, akasema mashambulizi yake kwenye barua pepe hayakuwa ya kitaalamu, na anakaa pembeni atafute msaada wa kuelewa hisia za watu. Kazi ikashikwa na mwenzake Greg Kroah-Hartman, na Oktoba mwenyewe akarudi.

Sikupi hiyo kama ahadi kwamba mzee wako naye ataandika barua. Kilichonigusa mimi ni kwamba, kwa maelezo yake mwenyewe, waliomkabili wiki ile walikuwa watu wa ndani, watu wa kazi yake. Na kwamba wiki zile alizokaa pembeni Linux haikufa.

Haya, tuje kwenye njia ulizonazo, na kila moja ina mwiba wake.

Kumtoa. Unaweza, ni kidole tu. Kuna magrupu yamefika mahali hakuna njia nyingine na sitakwambia hilo haliwezi kuwa lako. Ila jiulize kesho yake asubuhi kunakuwaje. Wakongwe wakitoka naye watafungua grupu lao, kule hakuna atakayemshika mkono, na picha za watoto wa watu zitaendelea kuchekwa ila wewe hutaziona. Na wewe utakutana naye msibani, harusini, dukani kwa muuza vifaa. Ukimtoa bila kuwahi kumwambia ana kwa ana kosa lake ni lipi, atakuwa na haki ya kusema dogo kanivunjia heshima, na kwa hilo sitaweza kukutetea.

Kuongea naye. Hapa ndo naona unakwepa, nisamehe nikikosea, barua nzima hujasema popote kwamba umewahi kukaa naye. Ukienda nenda kwa miguu yako, sio voisi, sio simu. Toa shikamoo yako, kunywa chai yake. Usianze na sheria wala malalamiko ya watu thelathini, mzee akisikia watu thelathini wanamsema pembeni hatasikia kingine chochote. Ningekuwa wewe ningebeba ile picha ya mkono wa kijana wa Magu, kwa ruhusa yake, bila jina, nikamwambia mzee huyu alikuwa na swali na aliogopa kukuuliza, tumfanyeje. Alafu nikanyamaza. Mtu aliyekimbia na ufagio kumwokoa deiwaka, naamini mkono ulioungua utamwambia kitu. Hatari yake ni kwamba anaweza akakasirika, akasema basi nitoe, au akakubali mbele yako na wiki ijayo akarudia. Tena wewe mbele yake bado ni dogo. Kama unaona sauti yako itapotea, nenda na rika lake anayemheshimu, sio na kijana mwenzio.

Sheria za grupu. Naamini zipo, kila grupu linazo, hakuna siasa, hakuna picha chafu, hakuna matangazo ya kamari. Ya kukosoana ipo? Uangalie hapa, ukiandika tu "tuheshimiane", kwetu sisi hilo neno linatafsiriwa kirahisi kuwa mdogo asimbishie mkubwa, na utakuwa umempa mzee rungu la pili. Andika kitu kinachoonekana kwa macho. Kwa mfano, sema waya usimseme mtu. "Hiyo breka ni ya AC itaungua, weka ya DC" ni ukali tosha, inatisha vizuri tu. "Cheti umenunua wapi" haimwelekezi mtu breka yoyote. Sheria kama hiyo hata anayecheka kwa stika inamkamata. Na usiisimamie peke yako, tafuta maadmin wengine wawili watatu, mmoja awe mkongwe na mmoja awe kijana, ikiwezekana mmoja awe mwanamke fundi, manake lile la "rudi kwa mama akakufundishe kupika" nyie wanaume mlilipita kama utani wa kawaida, sisi tumelisikia. Na mkubaliane mapema mtafanya nini akivunja mtu mnayempenda, kwa sababu sheria huwa zinakufia hapohapo.

Kufuta. Tangu 2022 WhatsApp inamruhusu admin kufuta meseji ya mtu kwa wote, unajua hilo kuliko mimi. Inasaidia, ila ile alama ya imefutwa na admin nayo ni kengele, watu wataulizana ilikuwa nini na kuna aliyeshaihifadhi. Siku nyingine kinachofanya kazi kuliko kufuta ni mtu mmoja kuandika haraka chini ya tusi, "Dada asante kwa kuuliza, hii breka ni ya AC, zima inveta kwanza, nitakuelekeza". Meseji kama hiyo ikiwahi kabla ya stika ya kwanza, grupu zima linafuata huko. Nimeona kwenye kikoba, anayecheka wa kwanza ndo anawaonyesha wengine hapa tunafanyaje. Ile jioni ya mwezi wa tatu watu waliangalia admin anafanya nini wakaona emoji tatu.

Sikuchapi na hilo. Wewe mwenyewe umeniambia na hukulazimika, kwa hiyo linakusumbua, na mtu ambaye linamsumbua ana pa kuanzia.

Kuna njia nyingine ndogo ambayo wenzenu wa ndege wanaitumia. Marekani tangu 1976 kuna mfumo unaoendeshwa na NASA, rubani au fundi wa ndege akikosea au akinusurika anaandika ilivyokuwa, jina linatolewa, somo linasambazwa kwa wote. Walielewa kwamba ukitaka watu wakwambie makosa yao kabla hayajaua mtu, usiwatundike. Unaweza kuwaambia watu wako, anayeona aibu kuuliza anitumie inboksi, nitaweka picha bila jina. Mzee atafoka vilevile, lakini atakuwa anaifokea breka. Mwiba wake ni kazi, watu 743 inboksi mwanangu utakonda, na ikitokea hata mara moja jina likavuja basi hakuna atakayekuamini tena. Na kuna wenye akili watasema umewaficha wabovu wanaoharibu jina la mafundi wote, na hapo wana ka-ukweli, wateja wanaungua kweli. Mtu anayerudia kosa lilelile mara nne hahitaji kufichwa, anahitaji kuambiwa asiendelee kupanda paa mpaka ajifunze. Hilo nalo linaweza kusemwa na mtu mmoja, pembeni, bila stika.

Kuacha uadmin kama anavyosema mkeo. Simbezi, yeye ndo anaona unavyogeuka kitandani. Ukiacha unamwachia nani? Kama kuna mtu, pumzika, miaka yote hii sio midogo. Kama hakuna, unaondoka na usingizi hautarudi.

Sasa nije kwa binti.

Barua yako imemtaja mzee kila mahali, wakongwe wapo, thelathini wanaotaka mzee atoke wapo, na mimi nimefanya vilevile, nimekujibu ukurasa mzima kuhusu mzee. Sijaona mahali ulipompigia simu binti. Umeandika "nilisikia kwa watu". Sikwambii umrudishe kwenye grupu, pengine hataki kuliona tena na ana haki, na usimrudishe ili grupu lionekane limetubu. Ila namba yake unayo, mlikuwa naye mle. Unaweza kumwambia ulicheka na ulikosea, bila kuongeza lakini. Unaweza kumuuliza kama angependa wewe, mwenye leseni, umpigie yule mteja umweleze kwamba kosa lile linafanywa na wengi wanaoanza sola wakitokea kwenye umeme wa nyumba, na linatibika kwa breka moja, na laki tatu na themanini ya watu ni jasho. Anaweza akakutukana yeye pia. Anaweza akakata simu. Anaweza akawa ameshaacha ufundi na ukalijua hilo ukabaki nalo. Kuna na jambo la sheria, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu kinachogusa kumnyanyasa mtu kwa njia ya mtandao, mi sio mwanasheria na sikutishi, nakwambia ili ujue kwamba binti akiamua kwenda mbele sio kwamba anadeka.

Ukishaongea na mzee, au ukishindwa kuongea naye, niandikie tena, hata meseji fupi.

Ila kuna kitu kimoja hakingoji mzee wala sheria za grupu, na nimekitafuta kwenye barua yako sikukiona. Binti alifukuzwa mwezi wa tatu. Kijana wa Magu aliungua mwezi wa sita. Kule Sengerema, kwenye ukuta wa yule mteja, ile breka ya 32 kuna mtu aliitoa?